Wacheni Ali na Tyson. Nipeni Muchoki na Hernández, Montreal 1976

Nimechoka na Ali dhidi ya Tyson. Nimechoka kabisa, wasee. Kila wiki lazima mtu anitumie ile video ya kuungwaungwa, Ali wa miaka ya sitini upande huu, Tyson wa 1988 upande ule, halafu steji ya boda hapa Migori inagawanyika mara mbili na abiria anaachwa amesimama na mzigo wake. Homa Bay ni hivyo hivyo. Ukishuka tu kwa matatu ya kupitia Rongo, kabla hujanyoosha miguu, unaskia mtu amekaza sauti: "Tyson angemmaliza raundi ya kwanza!" Na anayesema hivyo hakuwa amezaliwa Tyson akistaafu.

Sina shida na ubishi. Huku kwetu ubishi ni chakula. Watu wa Migori na watu wa Homa Bay tunabishana hata kama omena ya Mbita ni tamu kuliko ya Muhuru Bay, na ni ziwa moja, samaki mmoja, jua moja la kuanikia. Shida yangu ni kwamba tunaota ndoto ambayo hata haina mwizi. Ali alizaliwa 1942, Tyson 1966. Hakuna aliyewanyima pambano, ni kalenda tu. Huwezi kushtaki kalenda.

Mimi nataka pambano ambalo lilikuwa na tarehe. Lilikuwa na ulingo, lilikuwa na mabondia wawili wazima, wa uzani mmoja, waliowahi kupigana na wenye sababu ya kupigana tena. Halafu likazimwa na watu waliovaa suti.

Stephen Muchoki wa Kenya dhidi ya Jorge Hernández wa Cuba. Olimpiki ya Montreal, Julai 1976.

Najua. Nusu yenu mnauliza Muchoki ni nani. Hiyo ndiyo hasira yangu yote, omera, ndiyo maana naandika.

Sasa sikiliza. Muchoki alikuwa wa kilo 48. Mfuko wa simiti una kilo 50, kwa hivyo huyu jamaa na glavu zake alikuwa karibu sawa na mfuko mmoja ambao mjengo mzima unaweza kubeba begani ukipiga mluzi. Mwanzoni mwa 1974 alienda Christchurch, Nyuzilandi, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na dhahabu. Agosti mwaka huo huo yakafanyika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa, Havana, Cuba. Muchoki akafika fainali. Mpinzani alikuwa Hernández, na Hernández alikuwa nyumbani kwake. Hernández akashinda. Muchoki akachukua fedha.

Mpaka hapo hakuna kilio. Umeshindwa, umeshindwa. Ukishindwa ugenini na bingwa wa dunia wa kwanza katika historia ya uzani wako, unarudi nyumbani, unafanya mazoezi, unangoja miaka miwili. Ngumi za ridhaa zilikuwa hivyo: unajua mtakutana wapi tena. Kila mtu alijua ni Montreal.

Hernández alifika Montreal. Alifika fainali, akampiga Ri Byong-uk wa Korea Kaskazini, akavaa dhahabu. Muchoki hakupanda ulingoni, kwa sababu Kenya ilikuwa imesusia.

Wale hamjui kisa, nitakipitia haraka. Timu ya raga ya Nyuzilandi, All Blacks, ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Ni mwaka huo huo, na hiyo ziara ilianza wiki mbili tu baada ya Juni 16, siku watoto wa shule wa Soweto walipopigwa risasi. Nchi za Afrika zikaambia Kamati ya Olimpiki: Nyuzilandi itolewe, ama tunatoka sisi. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, haituhusu. Zaidi ya nchi 20 zikatoka, Kenya ikiwemo. Kuna wanamichezo walikuwa tayari wameshafika Montreal, wakaambiwa wafunge mabegi. Serikali yetu ikasema kanuni ni za thamani kuliko medali.

Sasa msinielewe vibaya, kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kuandika insha. Nilibishana jambo hili na mwalimu mmoja mstaafu kule Rongo, mzee wa heshima, na aliniangalia kama mtu aliyetemea mate kaburi. Akaniambia, "Nyathina, watoto walikuwa wanakufa. Wewe unalilia ngumi?" Nikamwambia, mwalimu, kwa 1976 niko upande wako. Ningekuwa mkubwa wa nchi ningesusia. Ukicheza na watu walio kitandani na makaburu siku zile, umewaambia Soweto kwamba kilio chao ni kelele. Hiyo sibishi.

Ninachobisha ni nani alilipa. Sentensi ile ya kanuni na medali ni nzuri sana, lakini angalia kanuni ni za nani na medali ni ya nani. Aliyetamka hakuwa na medali ya kupoteza. Jioni hiyo alikula chakula chake vizuri. Aliyepoteza ni mtu wa kilo 48 ambaye hakuulizwa. Na baada ya kupoteza hakuna aliyemtafuta kumwambia: ndugu, taifa limekukopa, hili hapa deni lako limeandikwa. Hakuna. Taifa likachukua heshima, yeye akachukua hasara.

Na hapa ndipo namrudisha Ali wenu, kwa sababu mnampenda na mimi nampenda.

Aprili 1967 Ali alikataa kwenda jeshini kwa vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya taji, wakamfungia ulingo. Alirudi Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu, umri wa 25 hadi 28, ule umri bondia anakuwa na miguu na akili kwa pamoja. Watu wa ngumi mpaka leo wanalia juu ya Ali ambaye hatukumwona. Wana haki ya kulia. Lakini angalia tofauti mbili. Ya kwanza: Ali alichagua mwenyewe. Alisimama, akasema hapana, akajua bei. Muchoki alichaguliwa. Ya pili: Ali alirudishiwa mapambano yake. Alishindwa na Frazier Machi 1971, akapata marudiano Januari 1974, akapata tena Manila Oktoba 1975. Mara tatu! Wakamalizana mpaka hakuna mtu aliyebaki na swali. Muchoki na Hernández wa Montreal wamebaki na swali tu, na hata hilo swali hakuna anayeliuliza.

Subirini, haijaisha.

1978. Muchoki anaenda Edmonton, Jumuiya ya Madola, dhahabu tena. Mwaka huo huo anaenda Belgrade kwa ubingwa wa dunia, anarudi bingwa wa dunia. BINGWA WA DUNIA, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hakuna barabara niliyopita Migori wala Homa Bay niliyoiona na jina lake, na tuna barabara zenye majina ya watu ambao hawajawahi kushinda hata kura kwa uhalali. Hiyo ilikuwa miaka kumi kabla ya Wangila.

Sasa Olimpiki inayofuata ni ipi? Moscow 1980. Na Moscow, Kenya haikwenda.

Hebu panga hiyo miaka kwa mstari mmoja uione. 1974, dhahabu ya Jumuiya ya Madola na fedha ya dunia. 1976, amesusiwa. 1978, dhahabu ya Jumuiya ya Madola na dhahabu ya dunia. 1980, Kenya imesusia tena. Olimpiki mbili zilizoangukia kilele cha huyu mtu ndizo mbili hizo hizo nchi yake haikwenda. Ungempa mchawi kazi ya kuharibu maisha ya bondia mmoja, asingepanga tarehe vizuri hivyo.

Na 1980 sina huruma nayo hata kidogo. Hii haikuwa Soweto. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeingiza jeshi Afghanistan, Marekani ikakasirika, Rais Carter akataka dunia isusie Moscow. Na alimtuma nani Afrika kutushawishi, Februari ile? Muhammad Ali. Ndiyo, yeye mwenyewe. Aliteremka Dar es Salaam kwanza, na Nyerere hakukubali kukutana naye. Waandishi wakamuuliza swali ambalo lingefaa kuandikwa kwenye kila ukumbi wa ngumi huku kwetu: miaka minne iliyopita Afrika ilisusia kwa ajili ya Afrika Kusini, Marekani ikaenda Montreal kushindana kama kawaida, leo mnataka nini kwetu? Ali hakuwa na jibu. Kisha akaja Nairobi, na Nairobi alipokelewa vizuri.

Ali, mtu aliyeibiwa miaka mitatu na nusu na serikali yake, alitumwa na serikali hiyo hiyo kusaidia kuwaibia wengine miaka minne. Sidhani alikuwa mbaya. Nadhani alitumiwa. Lakini sitanyamaza eti kwa sababu bango lake liko ukutani kwangu, na liko.

Majirani je? Tanzania ilisusia 1976 kama sisi, tena yenyewe ilipoteza zaidi: Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, alitakiwa akutane na John Walker wa Nyuzilandi, na Walker akachukua dhahabu bila yeye. Lakini 1980 Tanzania ilienda Moscow. Bayi akapata fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Uganda, ng'ambo tu ya ziwa letu, ilienda Moscow pia, na bondia wao John Mugabi akarudi na fedha. Huyo Mugabi baadaye alipanda ulingoni na Marvin Hagler mwenyewe, 1986. Mlango ulifunguliwa na medali ya Moscow. Sisi tulikuwa na bingwa wa dunia nyumbani, tukamkalisha kwenye benchi ili tuonekane marafiki wazuri wa mtu.

Kuna wale wataniambia Muchoki hakunyimwa kila kitu, aliingia ngumi za kulipwa na akapigania ubingwa wa dunia wa WBA. Kweli. Novemba 1982, Copenhagen, Denmark, dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akasimamishwa raundi ya 13. Lakini hilo halijibu swali la Hernández. Havana palikuwa nyumbani kwa Hernández. Ndiyo maana nang'ang'ana na Montreal. Montreal palikuwa mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwa na shangazi kwenye viti.

Na msiniletee hoja ya "si alishinda 1978, imetosha". Pambano lina wakati wake. Bondia wa 1978 si yule wa 1976, mpinzani si yule, njaa si ile. Ukinyimwa chakula cha mchana, ukala cha jioni, hujala cha mchana.

Tena angalia hili la Philip Waruinge, ambaye kwangu ndiye fundi mkubwa kuliko wote tuliowahi kutoa. Mexico 1968, nusu fainali, alikutana na Antonio Roldán, Mmexico, Mexico. Majaji wakampa Roldán. Waruinge akabaki na shaba. Lakini mwisho wa mashindano wakampa Waruinge kombe la Val Barker, lile la bondia bora wa Olimpiki nzima! Mtu wa shaba! Yaani walikiri bila kukiri. Ukidhulumiwa na majaji angalau kuna mahali pa kulilia: kuna karatasi za alama, kuna watu waliona, kuna kombe la kukufuta machozi. Ukisusiwa, hakuna hata uamuzi mbaya wa kulalamikia. Huwezi kukata rufaa ya pigano ambalo kengele haikulia.

Ndiyo maana nasema nataka hata haki ya kushindwa. Mike Boit wetu alikosa mita 800 za Montreal, na Alberto Juantorena wa Cuba akashinda kwa rekodi ya dunia. Watu wakasema, angekuwa Boit je? Mwaka uliofuata wakakutana Düsseldorf, Kombe la Dunia la riadha, wakakimbia bega kwa bega mpaka mwisho. Juantorena akashinda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Inauma, lakini tunajua! Boit aliingia kwenye swali akatoka na jibu. Na hata hilo jibu lilikuja mwaka mmoja baadaye, bila medali ya Olimpiki shingoni mwa yeyote.

Sasa mtaniuliza haya mambo ya miaka hamsini iliyopita yananihusu nini mimi mtoto wa Migori, na Muchoki hata si wa huku.

Yananihusu kwa sababu kuna kijana hapa Migori, jina naliacha, ana miaka 19 na kilo 51. Gunia lake la mazoezi ni gunia la mbolea lililojazwa mchanga na matambara, limening'inizwa kwenye mwembe. Asubuhi anakimbia kutoka mjini mpaka daraja la mto na kurudi mara nne kabla ya kwenda kubeba matofali. Mwaka jana kulikuwa na mchujo katika mji mwingine. Kupima uzito ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nauli iliahidiwa na ofisi fulani, na nauli ilifika. Ilifika Jumatatu. Pamoja na barua yenye mhuri ikimtakia kila la heri.

Nilipokutana naye hakuwa na hasira hata, na hiyo ndiyo iliniumiza. Aliniambia tu kuna jamaa wa Kisumu aliyempiga kwa pointi mwaka juzi, na alikuwa amemsoma, alikuwa anajua mkono wake wa kushoto unashuka akichoka. "Nilikuwa namngoja huyo tu," akasema. Huyo wa Kisumu alishinda mchujo. Hakuna aliyeandika kwamba hakukutana na mtu wa kilo 51 kutoka Migori aliyekuwa anamjua.

Hakuna Soweto hapo. Hakuna kanuni hata moja iliyotetewa na ile nauli ya Jumatatu. Ni Montreal bila sababu.

Na kila mwanasiasa akija huku kuahidi michezo anaahidi mpira. Nyasi, jezi, kombe la jina lake. Homa Bay wana uwanja uliobeba Madaraka Dei 2025, na nimefurahi kwa ajili yao, kweli, hata kama mtu wa Migori kusema hivyo ni kama kung'olewa jino. Lakini waulizeni wagombea wenu mwaka wa kura ulingo utawekwa wapi. Ulingo, si uwanja. Mbao, kamba nne, turubai. Na nauli ya Ijumaa. Kenya nzima imepata medali 7 za Olimpiki katika ngumi, dhahabu moja ikiwa ya Robert Wangila, Seoul 1988, na mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Mkenya amepata nje ya riadha. Tangu Seoul, hakuna nyingine. Hata shaba. Mnadhani ngumi ziliisha mikononi mwa watu?

Basi, tuote sasa. Mmepewa Ali na Tyson bure, nipeni dakika tisa tu.

Montreal, Julai 1976. Raundi tatu za dakika tatu, majaji watano, hakuna kofia za kujikinga kichwa, hizo bado hazijaja. Kilo 48 kila upande. Raundi ya kwanza nampa Hernández, kwa sababu bingwa wa dunia huanza kama mwenye nyumba. Raundi ya pili Muchoki anakataa kurudi nyuma. Amekaa na Havana moyoni miaka miwili, anajua ngumi gani ilimuumiza na ilitokea wapi, na safari hii inakuja ikikuta hewa. Raundi ya tatu wote wamechoka, na hapo ndipo mimi namwona yule wa kwetu akipiga mwili, mwili, mwili, halafu juu. Kengele. Refa amewashika mikono wote wawili katikati ya ulingo.

Majaji watatu kwa wawili, Muchoki.

Unasema ni Hernández? Sawa. Njoo steji ya boda Migori unieleze raundi gani nimeikosea. Wa Homa Bay, nauli yenu nitalipa mimi, na nitaituma Ijumaa.